Mtoto Mchanga na Ugonjwa wa Mapafu: Kwa Sababu Gani Mmoja Anapona na Mwingine Anakufa?

Tufikiri mama wawili wa kijiji kimoja. Wamezaa katika juma moja. Wa kwanza amezaa mtoto wa kilo 3. Wa pili amezaa mtoto asiyefika kilo 2, maana mimba yake haikutimiza miezi. Siku ya tano watoto wote wawili wanashikwa na ugonjwa wa mapafu, ule unaoitwa nimonia. Mtoto wa kwanza analetwa hospitali siku ile ile. Anapigwa sindano, anawekewa oksijeni, na baada ya siku kumi anarudi nyumbani akinyonya vizuri. Mtoto wa pili analetwa siku ya tatu ya ugonjwa wake, usiku, miguu yake ni baridi na midomo yake imekuwa na rangi ya majivu. Mbele ya jogoo kuwika amekufa.

Basi maneno yanaanza kijijini. Wengine wanasema mtoto amelogwa. Wengine wanasema dawa ya hospitali ilikuwa na nguvu kwa mmoja, haikuwa na nguvu kwa mwingine. Lakini ugonjwa ulikuwa mmoja, na sindano zilitoka katika sanduku moja. Tofauti ilikuwa wapi? Katika somo hili tunataka kujibu ulizo hilo, maana mambo mengi yanayomwua mtoto mchanga yanaweza kujulikana mbele ya ugonjwa kuanza.

Tukisema mtoto mchanga, tunamaanisha mtoto tangu saa ya kuzaliwa mpaka siku ya 28. Mwaka 2022 watoto milioni 2.3 walikufa katika dunia yote wakiwa katika siku hizo 28. Katika nchi yetu ya Kongo, hesabu iliyofanywa mwaka 2013 na 2014 ilionyesha kwamba katika kila watoto 1000 waliozaliwa hai, 28 walikufa mbele ya kutimiza mwezi. Tena angalieni neno hili: katika watoto wachanga wanaokufa, karibu watatu katika wanne wanakufa katika juma la kwanza. Kuna vijiji ambamo mtoto hatolewi nyumbani mpaka kitovu kianguke. Nafahamu maana ya desturi hiyo, ni kumlinda mtoto. Lakini kitovu hukaa siku tano, siku kumi, hata zaidi, na hizo ndizo siku ambazo kifo kiko karibu sana naye. Mtoto mzima akae nyumbani, ni vizuri. Mtoto mgonjwa asingoje kitovu.

Ugonjwa unaojificha

Mtu mkubwa akiwa na nimonia anakohoa, anasikia maumivu ya mbavu, anachemka kwa homa. Kila mtu nyumbani anajua. Mtoto mchanga sivyo. Mara nyingi hakohoi hata kidogo, maana nguvu ya kukohoa bado hana. Mara nyingi hana homa, ila mwili wake unakuwa baridi. Halii sana, kinyume chake, ananyamaza. Mama anasema, “Leo mtoto wangu ni mpole, amelala siku nzima.” Jirani anamsifu. Lakini mtoto aliyenyonya vizuri jana na leo analala tu bila kutaka ziwa si mpole. Ni mgonjwa.

Basi tutafute nini? Kwanza, pumzi. Mfunueni kifua mtoto akiwa ametulia, si wakati wa kulia wala wa kunyonya. Tazameni tumbo lake; kila mara linapopanda ni pumzi moja. Hesabuni muda wa dakika moja nzima kwa saa ya mkono au kwa simu. Msihesabu nusu dakika na kuongeza mara mbili, maana mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja: anapumua upesi, anangoja kidogo, anaanza tena. Mkipata 60 au zaidi, hesabuni mara ya pili. Ikiwa ni 60 au zaidi tena, mtoto huyo anapumua mbio, na ni lazima aonwe na munganga au mwuguzi siku ile ile.

Kisha tazameni chini ya mbavu. Mtoto anapovuta pumzi, je, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani sana, kama mtu anayevuta ngozi kwa kamba? Je, pua zinatanuka kwa kila pumzi? Je, anaguna kila anapotoa pumzi? Ulimi na midomo ni ya rangi gani? Shikeni miguu na tumbo lake: ni moto au ni baridi kuliko mkono wenu? Ananyonya, au anashika ziwa na kuliacha? Anajinyosha na kurusha mikono, au hatikisiki mpaka aguswe? Je, amepata degedege? Kama kuna kipima joto, kiwekeni kwapani: 37.5 au zaidi ni homa, na chini ya 35.5 ni hatari vilevile.

Alama hizi hazina uzito mmoja. Kati ya mwaka 2011 na 2013 wanganga walichunguza watoto wachanga waliopumua mbio katika Kenya, Nigeria na hapa kwetu Kongo, katika sehemu za Ubangi Kaskazini na Ubangi Kusini, mahali ambapo jamaa nyingi hazikuweza kufika hospitali. Walikuta kwamba mtoto anayepumua mbio tu, lakini bado ananyonya na hana alama nyingine, aliweza kutunzwa kwa amoksisilini ya kunywa sawasawa na kwa sindano. Kwa hiyo tangu mwaka 2015 Shirika la Afya la Ulimwengu, lile tunaloliita OMS, linakubali mtoto kama huyo, akiwa na siku saba au zaidi, atunzwe kwa dawa ya kunywa siku saba, huku mwuguzi akimtazama tena na tena. Lakini mtoto ambaye hajatimiza siku saba, akipumua mbio, alama hiyo peke yake inatosha kumpeleka hospitali. Na mtoto wa siku yo yote ambaye kifua kinaingia ndani, au amekataa ziwa, au ni baridi, au hatikisiki, au amepata degedege, huyo ni mgonjwa sana. Huyo asitunzwe kwa dawa ya nyumbani.

Kwa sababu gani mtoto mdogo anashindwa upesi

Mapafu yana vifuko vidogo vingi sana ambamo hewa inaingia, na kuta za vifuko ni nyembamba ili hewa ipite na kuingia katika damu. Katika nimonia vijidudu vinaingia huko, na vifuko vinajaa maji na usaha. Mtu mkubwa ana mapafu makubwa. Sehemu moja ikijaa, nyingine inafanya kazi. Mtoto mchanga ana akiba ndogo. Njia zake za hewa ni nyembamba kama majani ya nyasi, na makamasi kidogo yanatosha kuziziba. Mbavu zake ni laini bado, ndiyo sababu zinaingia ndani anapovuta kwa nguvu, na nguvu nyingi inapotea bure.

Sasa angalieni jinsi mambo yanavyofuatana. Mtoto anapumua mara 70 au 80 kwa dakika. Anachoka, kama mtu anayepanda mlima mbio bila kupumzika. Kwa kuwa anahitaji pumzi hawezi kunyonya. Kwa kuwa hanyonyi, sukari katika damu yake inapungua. Kwa kuwa sukari imepungua, hana kitu cha kuwasha moto wa mwili, na mwili unakuwa baridi. Mtoto aliye baridi anahitaji hewa nyingi zaidi, na hewa ndiyo hana. Mwisho anaacha kupumua mara moja moja, sekunde ishirini au zaidi, kisha anaacha kabisa. Safari hii yote inaweza kutimia kwa siku moja. Ndiyo sababu tunakasirika, wakati mwingine kuliko inavyofaa, tukisikia neno “tungoje mpaka soko la Ijumaa.”

Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati anaanza safari hiyo akiwa amekwisha kuchoka. Ndani ya vifuko vya mapafu kuna majimaji laini, kama povu la sabuni, yanayozuia vifuko visishikane mtoto anapotoa pumzi. Majimaji hayo hutengenezwa kwa wingi katika majuma ya mwisho ya mimba. Tena mama humpa mtoto tumboni askari wa damu wanaopigana na vijidudu, na wengi wao hupita katika majuma hayo hayo ya mwisho. Basi mtoto aliyezaliwa kwa miezi saba amekosa povu, amekosa askari, hana mafuta chini ya ngozi ya kumtia joto, na mara nyingi hajui kunyonya na kumeza na kupumua kwa kufuatana. Katika mambo yote yanayomsogeza mtoto mwenye nimonia karibu na kifo, udogo huu ndio wa kwanza. Mtoto wa chini ya gramu 2500 ni wa kuangaliwa sana. Mtoto wa chini ya gramu 1500 ni wa hospitali, hata kama leo anaonekana mzima.

Udogo wa mtoto unaanza mapema. Malaria ya mama mwenye mimba, upungufu wa damu, chakula kidogo, kazi nzito mpaka siku ya mwisho, mimba iliyofuata nyingine upesi, mapacha: haya yote yanazaa watoto wadogo. Kwa hiyo mama anapokuja kupimwa mimba, na kumeza dawa ya malaria mbele yetu, na kulala ndani ya chandarua, anayatunza mapafu ya mtoto ambaye bado hajamwona. Tena kama uchungu unaanza mbele ya wakati, mama asilale nyumbani akingoja upite. Kuna sindano ambayo hospitali inaweza kumpa mama huyo ili mapafu ya mtoto yakomae upesi. Wanganga wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, walionyesha kazi yake mwaka 1972. Lakini sindano hiyo inataka saa nyingi mbele ya kuzaliwa. Mama akifika na kichwa cha mtoto kinaonekana, wakati wake umepita.

Vijidudu vinaingia namna gani

Wengine huingia mtoto akiwa bado tumboni. Mfuko wa maji unamlinda kama mlango uliofungwa. Maji yakipasuka na mtoto asizaliwe, mlango uko wazi. Yakipita saa 18, hatari imeongezeka sana; na kama mama ana homa, au maji yananuka, hatari ni kubwa zaidi. Wamama wengi hufikiri kwamba bila uchungu hakuna haraka, na maji yakitoka kidogo kidogo wanafunga kitambaa na kwenda shamba. Tafadhali, tieni alama ya saa maji yalipopasuka, mje maternite, na mwambie mzalishaji saa ile. Neno hilo moja linaweza kumfanya munganga aanze dawa mbele ya mtoto kuugua.

Wengine huingia wakati wa kuzaliwa. Mtoto aliyepata shida tumboni anaweza kutoa choo ndani ya maji, na akivuta pumzi maji hayo ya kijani yanaingia katika mapafu. Mtoto aliyekawia kulia hivyo hivyo: amekwisha umia mbele ya vijidudu kufika. Hawa wasirudishwe nyumbani upesi.

Wengine huingia baadaye, na hapa mikono ndiyo barabara yao kubwa. Kila mtu anataka kumshika mtoto mpya. Mjomba ametoka sokoni, shangazi ana mafua, mtoto wa jirani anakohoa, na wote wanambusu. Kumkataza mgeni ni neno gumu kwetu. Linaonekana kama dharau. Lakini mama mkwe akisema, “Naweni mikono kwanza, na wenye kikohozi wamwone mtoto kwa macho tu,” hakuna atakayekasirika. Mama mwenyewe akisema, watasema ana kiburi. Basi mama wakwe, kazi hii ni yenu.

Siku za kwanza nyumbani

Baridi inaua. Nafikiri watu wa milima ya Kivu na Ituri, ambako asubuhi ukungu unafika mlangoni, wanajua kuliko watu wa Kisangani. Lakini hata mahali pa joto, mtoto aliyetoka tumboni mwa mama akiwa ameloa maji anapoteza joto upesi sana. Afutwe akauke mara moja, pamoja na kichwa, na alazwe juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na nguo juu yao wote wawili. Asiogeshwe siku ile. Angojwe saa 24. Ule weupe ulio juu ya ngozi yake si uchafu.

Kwa mtoto mdogo, kifua cha mama ni bora kuliko chupa za maji ya moto na blanketi nyingi. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, munganga Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashini za kuwatia joto. Wawili na watatu walilala katika mashini moja na kuambukizana. Akaanza kuwafunga watoto wadogo kifuani mwa mama zao, usiku na mchana. Mwaka 2021 ilitolewa habari ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na kilo 1 mpaka chini ya gramu 1800. Katika kila watoto 100 waliowekwa kifuani tangu kuzaliwa, 12 walikufa mbele ya siku 28. Katika 100 waliowekwa kwanza kitandani au katika mashini mpaka watulie, walikufa karibu 16. Hakuna dawa mpya katika hesabu hiyo. Ni kitambaa na kifua. Baba pia anaweza kumbeba hivi mama anapooga au kula. Najua vijana watacheka. Wacheke.

Maziwa ni neno la pili. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano, yana askari wengi, na mtoto apewe katika saa ya kwanza. Wamama wengine huyakamua na kuyatupa, wakisema ni machafu, na kumpa mtoto maji ya sukari mpaka maziwa meupe yatoke. Hapo wametupa dawa na kumpa mtoto vijidudu vya kikombe. Kwa miezi sita ziwa linatosha, pasipo maji.

Sasa nifike kwenye mambo ambayo hayapendezi kusemwa. Mtoto akipumua kwa shida, kuna watu wanaotia matone ya mawese puani ili kufungua njia. Mafuta hayo yanateremka ndani ya mapafu, na mapafu hayana namna ya kuyatoa. Ni kuongeza nimonia juu ya nimonia. Kuna wanaokata kilimi kwa kisu au waya. Kuna wanaochanja kifua, na wanaomtia mtoto maji ya majani kwa bomba kutoka nyuma. Nimewaona watoto waliopona nimonia na kufa kwa damu iliyotoka kooni. Wazee waliofanya hivi hawakuwa watu wabaya. Waliona mtoto akishindwa na walitaka kumsaidia. Lakini kila kazi ya namna hii inakula saa, na inamwachia mtoto kidonda kimoja zaidi.

Dawa ya duka nayo si salama kwa kuwa imetoka duka. Dawa nyingine zinazofaa mtu mkubwa ni sumu kwa mtoto wa siku chache, kwa sababu ini lake halijaweza kuzivunja. Tangu mwaka 1959 inajulikana kwamba kloramfenikoli, dawa iliyowaponya wengi, iliwaua watoto wachanga waliopewa kwa wingi. Na robo ya kidonge cha antibiotiki, iliyosagwa na kumwagwa katika kinywa cha mtoto anayehema, mara nyingi inaingia mapafuni badala ya tumboni.

Moshi tunautaja kwa ufupi: mtoto asilale katika nyumba ya jiko, na mtu asivute tumbako karibu naye.

Kuchelewa

Ukiniuliza mimi ni kitu gani, baada ya udogo, kinachowaua wengi katika wale tunaowapokea, nitajibu: saa zilizopotea. Na sitaki kusema kwamba zinapotea kwa ujinga tu. Mama anaona alama asubuhi. Lakini baba yuko mgodini au shambani, na pasipo yeye hakuna wa kutoa pesa wala ruhusa. Baba anarudi jioni. Njia ya usiku ni ya hofu. Asubuhi wanatafuta pikipiki, na mwenye pikipiki anataka bei ya mvua. Tena wanakumbuka jirani aliyezuiliwa hospitali majuma mawili pamoja na mtoto wake kwa sababu ya deni. Neno hilo la mwisho ni aibu yetu sisi wa hospitali. Nimelikuta mahali zaidi ya pamoja, na kila mama aliyezuiliwa hivyo amewafanya wengine kumi wachelewe.

Kwa hiyo baba na mama wazungumze wakati mimba ina miezi saba, si wakati mtoto anahema. Mama apewe ruhusa tangu siku ile: akiona alama, aende, hata kama baba hayupo. Pesa kidogo iwekwe kwa mtu anayejulikana. Mwenye pikipiki aulizwe mbele, au vijana wa kubeba kipoyi wajulikane majina. Mama ajue njia ya kituo cha afya kilicho karibu, maana sindano ya kwanza inaweza kupigwa pale pale, mbele ya safari ndefu ya hospitali. Sindano hiyo ya njiani inaokoa saa nyingi.

Katika safari mtoto afungwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, pua zikiwa wazi. Msimfunike uso kwa sababu ya vumbi mpaka akose hewa. Akiweza kunyonya, anyonye mara nyingi. Asipoweza, mama akamue maziwa na kujaribu matone kwa kijiko, polepole. Lakini kama anapumua kwa shida kubwa au amelegea, msimmwagie kitu cho chote kinywani.

Mtoto akifika hospitali

Kazi ya kwanza si karatasi. Ni hewa, joto, sukari na sindano. Tunaweka kidoleni au mguuni pa mtoto kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu kinachosoma hewa iliyo katika damu. Mtoto mwenye nimonia akisoma chini ya 90, anahitaji oksijeni. Macho ya mwuguzi hayatoshi kwa kazi hiyo, hasa kwa mwanga wa taa. Midomo inabadilika rangi wakati hewa imekwisha kupungua sana. Oksijeni inapita kwa mpira mwembamba puani. Wamama wengi huogopa mpira huo, kwa sababu wamewaona waliokufa nao. Walikufa nao kwa kuwa wagonjwa wa mwisho ndio waliowekewa. Tena si vizuri kumpa mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati oksijeni nyingi kupita kiasi, maana inaweza kuharibu macho yake. Kwa hiyo tunapima na kupima tena.

Sindano kwa kawaida ni mbili, ampisilini na jentamisini, kwa muda wa siku saba au zaidi. Hapa kuna mtego. Siku ya tatu mtoto ananyonya, anafungua macho, na jamaa wanaanza kufunga vitu vyao. Vijidudu vimepungua, havijaisha. Vilivyobaki ndivyo vyenye nguvu, na mtoto akirudi juma linalofuata sindano zile zile hazifanyi kazi vizuri. Kaeni siku zote mlizoambiwa.

Na sisi wauguzi tusijidanganye. Vijidudu vibaya kuliko vyote, vile visivyosikia dawa, mara nyingi vinakaa hospitali. Vinakaa katika bomba la kuvutia makamasi lililooshwa kwa maji tu, katika mpira wa oksijeni uliotoka pua ya mmoja na kuingia pua ya mwingine, na katika mikono yetu iliyogusa vitanda sita bila kunawa. Mtoto mdogo aliyelala kwetu majuma matatu anaweza kupata nimonia kutoka kwetu. Mama akituuliza, “Umenawa?” asikaripiwe.

Kuna watoto ambao tunawapa yote haya na bado wanakufa: mwenye moyo ulioumbwa vibaya, mdogo wa kilo moja, yule ambaye vijidudu vimepita mapafu na kuingia damu na ubongo. Jamaa waambiwe kweli tangu siku ya kwanza, kwa maneno wazi, na mama asiulizwe alikula nini au alimkosea nani.

Anayepona apimwe uzito siku ya kutoka, na arudi baada ya siku mbili au tatu apimwe tena. Chanjo ya nimonia, ambayo nchi yetu iliianza mwaka 2011, haifai kitu kwa siku hizo 28, maana inaanza mtoto akiwa na majuma sita. Lakini siku ikifika aipate. Na kama mbele ya siku ya kurudi mtoto ameacha kunyonya, au pumzi zimefika tena 60, mama asikae katika mstari pamoja na wengine. Apite moja kwa moja mpaka mlangoni, amfunue kifua, na kumwita mwuguzi.